Mtoto wa Bungoma akisema "papa", sisi wa Pwani tusicheke

Sisi wa Pwani tuna kosa moja ambalo hatulihesabu kuwa kosa. Twakicheka Kiswahili cha bara. Mtu akisema "kari" akikusudia gari, au "tata" akikusudia dada, baraza zima la kahawa huangua kicheko, na mwenyewe akiwepo hucheka nasi kwa kuona haya. Nami nimecheka sana, siwezi kujitoa. Safari ya Kitale na Bungoma niliyokwenda likizo ya Agosti ndiyo iliyonikata kicheko.

Mwenyeji wangu ni rafiki niliyesoma naye diploma zamani. Kwao ni Bungoma, lakini yeye na mkewe wanafanya kazi Kitale. Asubuhi ya kwanza alinipeleka sokoni. Nikasimama mbele ya mama mmoja muuza vitunguu, nikamsikia akimjibu mteja mmoja kwa Kibukusu, mwengine kwa Kikalenjin, kisha akanigeukia mimi: "Nikuwekee za ngapi, baba?" Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Kitale ni mji wa namna hiyo. Eneo lile lilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru likagawanywa na kununuliwa na watu wa kila upande: Wabukusu, Wakalenjin, Wakikuyu, Wateso, Waturkana. Mapigano ya ardhi ya 1992, na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwatenganisha vibaya. Lakini pale sokoni Kiswahili hakimuulizi mtu shamba lake alilipataje.

Jumamosi tukashuka Bungoma kwa mamake, kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa. Tulikuwa na binti yake wa miaka minane, anayesoma shule ya kulipia mjini Kitale. Bibi, ambaye wajukuu humwita kukhu, akamsemesha kwa Kibukusu. Mtoto akamtazama babake kwanza. Nyumbani kwao lugha ni Kiingereza, na Kiswahili ni cha kusemea na yaya na majirani. Kibukusu amekatazwa kisije kikamharibia masomo. Kukhu naye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Basi mchana kutwa walishinda wakipeana vitu: kikombe, mkeka, andazi. Kwamba wanapendana hilo halina shaka. Maneno ndiyo hawana.

Binamu yake, mvulana wa rika lake anayesoma pale kijijini, Kibukusu anacho tele. Huyu shida yake ni nyengine. Alinieleza, tena bila ya chuki, kwamba shuleni kwao kuna kidude cha mbao chenye kamba. Atakayesikika akisema Kibukusu huvishwa shingoni, naye hukaa nacho mpaka amnase mwenzake. Jioni wote waliokipitia hufagia uwanja. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari ya kidude cha aina hiyo katika shule za enzi za mkoloni. Mkoloni ameondoka 1963, kidude kimebaki.

Kisheria hakina pa kusimama. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na dola ina wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji. Kabla ya hapo, ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake madarasa matatu ya mwanzo, na pale penye mchanganyiko, kama Kitale mjini, atumie Kiswahili. Mtaala wa umilisi, huu wa CBC, umeshika msimamo huohuo. Kwa hivyo mvulana yule anaadhibiwa kwa kusema lugha ambayo serikali inataka afundishiwe.

Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini anamnyima binti yake lugha ya bibi yake. Hakukasirika. "Mtihani ni kwa Kiingereza. Mahojiano ya kazi ni kwa Kiingereza. Kibukusu kitamwajiri nani?" Simlaumu, maana hata Mombasa wako wazazi wanaosema hivyohivyo, na lugha wanayoifungia nje ni Kiswahili chenyewe. Hofu yao ina sababu. Isipokuwa wamekosea hesabu: wanadhani kichwa cha mtoto ni mtungi, ukitia lugha moja nyengine hufurika.

Huko Ife, Nigeria, tangu 1970 watoto walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba miaka sita mizima, Kiingereza kikiwa somo tu. Walifanya vizuri kuliko wenzao waliobadilishiwa lugha mapema, na Kiingereza hakikuwapita. Mwaka wa 1962 Peal na Lambert waliwapima watoto wa Montreal, Kanada, wakakuta wanaojua Kifaransa na Kiingereza sawasawa wanawashinda wa lugha moja katika mitihani ya akili. Neno la kushika hapo ni sawasawa. Aliyevunjiwa ya kwanza kabla ya kujengewa ya pili hayumo katika hesabu hiyo. Sisi tuliosoma chuoni twalijua jambo hili kabla ya Wazungu kulipima. Maalim alitusomesha Kiarabu, lakini maana ya sala alitweleza kwa Kiswahili. Lau si hivyo tungekuwa kasuku.

Turudi kwa "kari" na "tata". Yule mvulana alimwita baba yake "papa", nami nikatabasamu, kwani kwetu papa ni samaki. Rafiki yangu akanielewesha. Kwa Kibukusu baba ni papa hasa. Tena b yao ni laini, midomo haifungiki, na d na g hazipatikani ila zitanguliwe na n au m. Kwa hivyo anayesema "kari" hakukosa akili, anafuata kanuni. Na katika lugha hiyohiyo mti ni kumusaala, miti ni kimisaala. Mtoto mwenye kumu na kimi kichwani, ngeli ya m na mi anayo nusu tayari. Mwalimu anayejua hili atamvusha kwa siku chache. Mwenye kidude cha mbao anachoma daraja ambalo mtoto yuko juu yake.

Na sisi tusijione tumesalimika. Mimi nikiwa darasa la tano niliandika "ndia" na "mato" katika insha, nikapigwa wino mwekundu, nikaambiwa sijui Kiswahili. Mimi, mtoto wa Mji wa Kale! Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa uliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa kando. Waluhya nao yaliwakuta yao: miaka ya 1940 kulikuwa na juhudi za kuwatungia Kiluhya kimoja cha kuandikia, na Wabukusu na Wamaragoli hawakukikubali. Usanifu una faida zake, nami nikiandika hapa naufuata. Ila mwalimu wangu angeweza kuniambia tu kwamba ndia ni ya nyumbani, njia ni ya mtihani, zote zangu.

Kuna mtu mmoja wa kule ambaye hatuwezi kumcheka. Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akalelewa Cherangani, Trans Nzoia. Hakuzaliwa Mvita wala Tanga. Lakini Siku Njema yake ya 1996, ambayo mhusika wake Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga mpaka Kitale, imewafundisha Kiswahili watoto wetu wengi hapa Pwani. Alipofariki Aprili 2020 tulimlilia kama wetu.

Kabla sijaondoka nilimwomba rafiki yangu jambo moja: likizo ya Desemba amwache binti kwa kukhu, asimwekee masharti. Alisitasita, mkewe akamsaidia kukubali. Wiki ya pili mtoto alipiga simu, akamwomba babake kwa Kibukusu amletee viatu, vile vyake vimechanika. Rafiki yangu ananiambia alishika simu akanyamaza, hajui amjibu kwa lugha gani.