Jenereta kwenye gari la biashara: Hesabu itangulie pochi

Mjasiriamali anayeuza juisi na vitafunwa ndani ya gari minadani na kwenye magulio hawezi kusubiri nguzo ya umeme imfuate. Hivyo basi, wengi hukimbilia kununua jenereta, na ushauri wanaoupata dukani ni mmoja: chukua kubwa. Ushauri huo unawatia hasara wengi.

Hatua ya kwanza ni kalamu na karatasi. Chukua mfano wa friza la wati 200, brenda ya wati 500, taa nne za wati 10 na chaja za simu wati 60. Jumla ni wati 800. Lakini mota ya friza huhitaji umeme mara tatu au zaidi inapowaka, hivyo ziongezwe angalau wati 400. Zinakuwa 1,200.

Mwinuko nao una kodi yake. Kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700, hasara hiyo hukaribia moja ya tano. Jenereta ya kVA 2.5, yaani wati 2,000 hivi, itabaki na 1,600. Inatosha. Anayeongeza birika la umeme la wati 2,000 amevuruga hesabu yote; maji yachemshwe kwa gesi, na mtungi ukae mbali na jenereta.

Hatua ya pili ni mafuta. Jenereta inayokunywa lita moja kwa saa, ikifanya kazi saa 8 kwa siku 26, inameza lita 208 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli, kisha linganisha na faida. Mwenye umeme nyumbani anaweza kugandisha bidhaa usiku, akabeba barafu kwenye friza lililofungwa vizuri, na kuwasha jenereta saa 3 tu za kusaga juisi. Hapo ni lita 78. Lita 130 zilizookolewa ni mtaji.

Hatua ya tatu inahusu uhai. Magari mengi ya kulala watalii huko Marekani hutoka kiwandani na chumba maalumu cha jenereta. Gari lililogeuzwa duka halina, na fundi hushawishika kuiweka nyuma ya kiti. Ni hatari kubwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Jenereta ikae kwenye sanduku la bati lililotenganishwa na chumba cha watu, lenye matundu ya kupitisha hewa nje. Bomba la moshi litokeze nje ya bodi, mbali na mlango na dirisha la wateja. Ifungwe kwenye chasisi kwa raba za kuzuia mtikisiko, na petroli isijazwe injini ikiwa ya moto.

Jenereta ni kibarua anayekula hata siku ambayo wateja hawakuja. Mfanyabiashara makini hamwajiri kibarua kabla ya kujua kazi yake, chakula chake na mahali atakapolala.