Uvimbe wa Paka Mzee Usisingiziwe Uzee

Paka akiacha kuruka ukuta, wenye nyumba husema amezeeka. Akilala kutwa, husema ni umri. Kauli hiyo ndiyo inayoupa nafasi ugonjwa adimu uitwao hemanjiosakoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotanda ndani ya mishipa ya damu.

Kwa mbwa, hasa German Shepherd na Golden Retriever, saratani hii inajulikana sana, na bandama ndiyo hushambuliwa zaidi. Kwa paka ni nadra, na wengi wanaoipata wana umri wa miaka 10 hivi. Kwa kuwa ni nadra, mwenye paka haitarajii.

Kwa paka huja kwa sura mbili: ya ndani ya mwili na ya ngozi. Ya ndani hukaa kwenye bandama, ini au utumbo. Mishipa ya uvimbe wake ni dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu tumboni. Paka huishiwa nguvu ghafla, fizi hupauka, pumzi humwenda mbio, tumbo hujaa. Mara nyingi anapofikishwa kwa daktari saratani imekwisha kusambaa, na upasuaji humwongezea muda mfupi tu.

Ya ngozi ina matumaini. Huanza kama kinundu chekundu au cheusi, ama kidonda kisichopona, mara nyingi kichwani: masikioni, kwenye kope, puani. Jua kali linahusishwa nayo, na paka weupe ndio walio hatarini zaidi. Kinundu kikikatwa mapema, pamoja na sehemu ya nyama isiyo na ugonjwa inayokizunguka, paka anaweza kuishi miaka.

Hapo ndipo uchelewaji unapoua. Paka wengi hupelekwa kwa daktari wa mifugo kuchanjwa kichaa cha mbwa, basi. Kinundu kikitokea, hupakwa dawa ya vidonda ya binadamu. Wapo wanaowapa paka paracetamol kutuliza maumivu, ilhali ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kinachothibitisha saratani hii ni kipande cha uvimbe kilichochunguzwa maabara kwa hadubini. Macho hayatoshi.

Paka mzee anastahili kupimwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye paka aliyevuka miaka 10 ampapase leo masikio, kope na tumbo. Akikuta kinundu, ampeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, kingali kidogo kiasi cha kukatika chote.