Ndege ndogo zisilazimishwe kutua gizani



Nataka kutoa maoni yangu juu ya ndege ndogo za watu binafsi kutua usiku katika viwanja visivyo na taa.

Sisi tunaoishi wilayani tunavijua viwanja hivyo. Vingi ni vya udongo au changarawe, na jioni ng'ombe hukatiza humo wakirudi zizini. Tena katika nchi yetu jua likishazama, baada ya nusu saa hivi giza limetanda. Ndege iliyocheleweshwa kidogo tu na abiria hufika usiku.

Ajali ikitokea, lawama zote humwangukia rubani. Mimi nasema abiria naye ana sehemu yake. Mfanyabiashara ana haraka ya mali yake, na mkubwa hapendi kuambiwa alale njiani. Rubani ni mwajiriwa, akikataa anaogopa kupoteza kazi.

Lakini giza halijali cheo. Rubani anayeona taa chache za uwanja na weusi mtupu chini yake huweza kudhani yuko juu mno, akashuka mapema na kugonga miti. Asipofuata vipimo vilivyo mbele yake, mwili humwambia kuwa ndege imenyooka kumbe imelala upande.

Mfano ni John F. Kennedy mdogo, mtoto wa Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963. Tarehe 16 Julai, 1999, saa 2.38 usiku, aliruka kutoka New Jersey akiendesha mwenyewe ndege yake ya injini moja. Alikuwa na mkewe na shemeji yake, nao walikuwa watue kwanza kisiwani Martha's Vineyard. Juu ya bahari kulikuwa na utusitusi. Alikwisha ruka kwa saa 310 hivi, lakini hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake. Wakati wa kushuka ndege ilitumbukia baharini, wote watatu wakafa. Wachunguzi hawakuona ubovu katika ndege. Walisema rubani alipotewa na mwelekeo gizani.

Wapo watakaouliza: na mgonjwa mahututi je? Swali hilo ni la haki. Mama anayetokwa damu hawezi kungoja kesho. Lakini taa za magari yaliyopangwa kando ya uwanja hazionyeshi kila shimo wala kila ng'ombe, na zikielekezwa vibaya humpiga rubani machoni. Ndege ikianguka, mgonjwa hakuokoka, na muuguzi aliyekuja kumchukua naye tumempoteza.

Kwa hiyo naomba wanaohusika wafanye haya. Kwanza, viwanja vya wilaya vinavyotumika kuchukua wagonjwa vipewe taa za betri za kuhamishika, pamoja na mlinzi wa kuondoa mifugo kabla ndege haijafika. Pili, hospitali ziite ndege mapema, zisingoje jua lizame. Tatu, rubani anayekataa kuruka au kutua kwa sababu ya giza alindwe, asifukuzwe kazi.

Nasi abiria tukiambiwa tulale njiani, tulale. Wahenga walisema kawia ufike.

Mwalimu Mstaafu,
Mkoa wa Lindi.