Hesabu ya Dawa Haiishii kwenye Mililita



Katika vyuo vya uuguzi, Lilongwe kama kwingineko, mwanafunzi hufundishwa kukokotoa kipimo cha dawa kabla hajakabidhiwa mgonjwa. Kanuni yenyewe ni fupi: kipimo kinachotakiwa hugawanywa kwa kipimo kilichomo katika dawa, kisha huzidishwa kwa ujazo wake. Mtoto mwenye uzito wa kilogramu 12 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilogramu, atahitaji miligramu 180. Ikiwa kila mililita 5 za dawa ya maji zina miligramu 120, basi apewe mililita 7.5. Mwanafunzi akipata jibu hilo, hupewa alama ya vema. Nasema alama hiyo hutolewa mapema mno.

Hutolewa mapema kwa sababu swali halijaisha. Ni nani atakayempa mtoto dawa hiyo usiku, muuguzi akiwa hayupo? Ni mama yake. Muuguzi aliyefunzwa Lilongwe aweza kupangiwa kazi Nathenje, kusini mwa jiji, ambako Kichewa kitamtosha siku nyingi. Lakini aweza pia kupelekwa Dzaleka, wilayani Dowa, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994. Huko atakutana na watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Masomo yake yalikuwa kwa Kiingereza. Je, ataifikishaje hesabu yake sikioni mwa mama?

Chukua dawa mseto ya malaria, yaani artemetha na lumefantrini. Dozi zake ni 6 kwa siku 3, na ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Muuguzi aliyeokota maneno machache ya Kiswahili atasema: "Mpe tena baada ya saa nane." Umeiona hatari? Kwa Mswahili, saa nane ni muda, lakini pia ni wakati: saa nane mchana, ambayo Mchewa, afuataye saa ya Kiingereza, huiita 2 koloko. Mtoto aliyepewa dozi ya kwanza saa saba mchana anapaswa kupewa ya pili saa tatu usiku. Mama aliyeielewa "saa nane" kuwa wakati atampa baada ya dakika 60. Hesabu ilikuwa sahihi, karatasi ina alama ya vema, na mtoto amepewa dawa vibaya.

Tena kuna "kutwa mara tatu", maneno yaliyozoeleka kwenye bahasha za dawa. Kutwa, kwa asili yake, ni mchana mzima mpaka jua litue. Usiku ni kucha. Mama anayelishika neno kwa maana hiyo atazimaliza dozi zote kabla ya magharibi, kisha usiku kucha mtoto akae bila dawa. Na "kijiko kimoja na nusu" je? Kijiko cha nani? Vijiko vya majumbani havilingani.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili si lugha rasmi ya Malawi, na kwamba wakimbizi wajifunze Kichewa. Naam, wajifunze. Lakini homa haimngoji mtu amalize masomo ya lugha. Wengine watasema mkalimani yupo. Mkalimani ni msaada mkubwa, ila naye akitafsiri neno kwa neno, ataifikisha ile ile "saa nane". Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na walimu wa lugha wanaokemea "masaa manane" wajiulize kama wamewafundisha watu kusema "muda wa saa nane". Aliyesema "masaa" alikuwa akijaribu kutenganisha muda na wakati. Ukimnyang'anya neno lake, mpe jingine.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, mtihani wa hesabu za dawa usikome kwenye mililita. Mwanafunzi aandike pia sentensi atakayomwambia mgonjwa, kwa lugha ya mgonjwa, kisha aonyeshe jinsi atakavyomwomba airudie kwa maneno yake mwenyewe. Pili, kila anayefundisha Kiswahili afundishe saa kama jambo la uhai, si kama zoezi la kuchora mishale ya saa daftarini. Sentensi salama hutaja wakati wenyewe: "Umempa leo saa saba mchana. Mpe tena leo saa tatu usiku." Haina fumbo, na mama hahitaji kukokotoa chochote.

Nawe jipime sasa. Dozi ya kwanza imetolewa saa nne asubuhi, na ya pili ni baada ya muda wa saa 8. Andika sentensi utakayomwambia mama, kisha msomee mtu asiyejua swali. Akikuuliza, "Saa ngapi hasa?", iandike upya.