Daftari la wiki: Wachwezi, VJ na meli ya Baruti

Nimeirudia *Herderboy*, filamu fupi ya katuni ya Mganda Raymond Malinga. Imo kwenye *Kizazi Moto*, mkusanyo wa filamu 10 za Kiafrika uliotoka Disney+ Julai 2023, na kwangu mimi hakuna inayoifikia. Tumo katika ufalme wa Wachwezi. Wachungaji wenye viungo vya mashine wanalinda mifugo isichukuliwe na mizimu, na kijana Ndahura anataka naye ahesabiwe. Hapa Kamukuzi jina la Wachwezi si geni. Kilima hiki kilikuwa na kasri la Omugabe (mfalme) wa Ankole mpaka falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, na masimulizi ya huku yanaunganisha ukoo wake na Wachwezi. Wakanda ya *Black Panther* naipenda, lakini ni nchi iliyoshonwa kwa vipande vya makabila mengi. Malinga kachagua watu wa jamii moja, wenye jina na ng'ombe wao, na filamu yake ndiyo iliyonigusa zaidi.

*

Shida ni kuipata. Huduma ya kulipia kwa kadi haimfikii mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Sinema yake ni kibanda cha video: mabenchi, jenereta, na ubao wa chaki mlangoni unaosema saa nane vita, saa kumi Kihindi, usiku mpira. VJ, msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda. Kijana mmoja wa Kikongo aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsikiliza VJ, kisha anawageukia wadogo zake na kuwapa yote kwa Kiswahili, hadi matusi ya adui. Steringi alipoangusha helikopta alisahau kutafsiri, na hakuna aliyemdai.

*

Wanaowadharau ma-VJ waitazame *Who Killed Captain Alex?* ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Nakala isiyo na sauti ya VJ Emmie ilishapotea. Sauti yake sasa ni sehemu ya filamu yenyewe. Nayo iko YouTube, bure, ndiyo maana dunia nzima inaijua.

*

Kwa wasomaji wa katuni: tafuteni *Madame Livingstone* (2014) ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, aliyoitengeneza pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni Vita Kuu ya Kwanza, na rubani Mbelgiji ametumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Wajerumani, *Graf von Götzen*. Meli hiyo ndiyo *Liemba* ambayo watu wa Uvira na Kigoma wanaijua. Baruti anachora mvua na maji vizuri kuliko mchoraji yeyote ninayemjua. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kifaransa, lakini tafsiri ya Kiingereza ipo, nayo itawafaa watoto wa Fizi walioko Nakivale, ambao sasa wanasoma shule kwa Kiingereza.

*

Ombi langu kwa Malinga na wenye haki za *Herderboy*: ruhusuni itiwe sauti ya Kinyankole na ya Kiswahili, kisha ipelekwe vibandani. Ma-VJ wapo, na watazamaji wameshakaa kwenye mabenchi.