Kila Mtoto na Fomu Yake



Siku chache zilizopita alinijia ofisini mzee mmoja katika wanachama wetu wa zamani. Ana watoto wawili waliomaliza kidato cha sita mwaka mmoja, mwanamme na mwanamke, kila mmoja na mama yake. Akaniambia, "Katibu, nijazie fomu ya mkopo ya huyu mwanamme. Dada yake atangoja mwakani, maana Bodi haitoi mara mbili kwa nyumba moja." Nikamuuliza nani aliyemwambia hayo. Akasema ndivyo watu wasemavyo barazani.

Mzee huyu si peke yake, na kwa hivyo nimeona bora niyaandike hapa. Ziko Bodi mbili: ile ya Dar es Salaam, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ile ya Zanzibar, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Nitasema khabari ya ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Mwenye kuomba pale ni mtoto, si baba. Kila mtoto ana namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, cheti chake cha kuzaliwa na mdhamini wake, na hupimwa peke yake. Mzazi anayemficha mmoja ili mwengine apate, amekwisha kumnyima huyo mmoja kabla Bodi haijasema neno. Na aghlabu anayefichwa ni msichana. Hilo nalisema bila ya kuzunguka.

Lakini kujaza fomu mbili au tatu kwa pamoja ni kazi inayotaka utulivu, na mimi nayajua haya kwa kuumia. Marehemu baba alituachia wadogo zangu wawili wa kike, na mwaka mmoja wote wawili waliomba. Nikakaa usiku mmoja nikazimaliza fomu zote mbili, nikajiona hodari. Kumbe cheti cha mmoja nimekitia katika maombi ya mwenziwe. Bodi hutoa siku za kusahihisha makosa, lakini siku hizo mimi nilikuwa shamba na wachumaji, wala sikurudi mtandaoni kutazama. Mkubwa akapata, mdogo akakosa. Mwaka mzima alikaa nyumbani akichambua karafuu na makonyo, wala hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinichoma zaidi.

Basi anzeni na vyeti mapema. Cheti cha mtoto aliyezaliwa hapa visiwani sharti kihakikiwe na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho pia. Tazameni majina. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto mmoja ameandikwa binti Khamis na nduguye bin Hamisi, na mama ni Khadija katika cheti kimoja na Hadija katika cha pili. Sisi twajua kuwa ni mtu mmoja. Karani aliye mbali hajui. Fomu ikishachapwa hutakiwa saini ya mdhamini, ya sheha na ya wakili au hakimu, ndipo irudishwe mtandaoni. Mwenye watoto watatu na awapeleke siku moja kwa sheha, kuliko kumsumbua mara tatu.

Tena, semeni neno moja katika fomu zote. Nimeona fomu ya kaka inasema baba ana mikarafuu sitini, na ya mdogo wake inasema baba hana kitu. Mkarafuu, kama mjuavyo, mwaka huu huzaa ukavunja matawi, na mwaka wa pili ukakupa majani tu. Hilo linaweza kuelezwa kwa haki, na ofisi yangu iko tayari kumwandikia barua kila mwanachama. Uwongo wa nusu nusu hauna barua.

Wako wanaoogopa riba. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Kwa yaliyobakia, kila mtu na amuulize shekhe wake; mimi ni katibu.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko kwenye kisa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 kwa kila mtoto, wala hairudi. Haizidi thamani ya kilo tatu za karafuu kavu, lakini hutakiwa katikati ya mwaka, wakati karafuu bado ziko juu ya mti na mfuko mtupu. Mwenye watoto watatu anatakiwa 90,000, na hapo ndipo anapoanza kuchagua nani aombe na nani angoje. Nilileta shauri katika kamati kuwa chama kitoe ada hizo kwa karadha, kisha zikatwe mwanachama anapouza. Nikajibiwa kuwa chama hiki ni cha karafuu, si skuli. Nawaheshimu wazee walionijibu, lakini chama hiki hukopesha majamvi kwa utaratibu huo huo, wala hakuna aliyesema kuwa sisi ni wasusi.

Shauri hilo nitalirudisha katika mkutano mkuu. Yule mzee amekwisha kuniletea vyeti vya watoto wote wawili. Ada ya pili ndiyo tunayoitafuta.