Kiinua Mgongo si Urithi

Iko desturi mbaya iliyoingia katika nyumba nyingi za nchi yetu, nayo ni hii: mtu akistaafu kazi, watoto wake huihesabu fedha yake kabla yeye mwenyewe hajaihesabu. Siku ya kwanza huja na pongezi. Siku ya pili huja na habari za kiwanja. Nataka kuishutumu desturi hii mbele yenu ninyi vijana msomao, maana hamjafikia bado umri wa kuitenda, na yamkini mkaepukana nayo.

Nina majirani wawili mjini Nakuru, mume na mke, waliokuwa walimu. Walifundisha mpaka wakatimiza miaka 60, umri ambao watumishi wa serikali ya Kenya hustaafu tangu mwaka 2009. Kabla ya hapo ulikuwa 55. Mke alikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa zaidi ya miaka thelathini alichora ramani ya Kenya ubaoni kwa chaki, akatia kisiwa cha Rusinga mahali pake na visiwa vya Lamu mahali pake, akawatajia wanafunzi majina yake. Lakini yeye mwenyewe hakupata kuvitia machoni hata kimoja. Karo za watoto wanne zilimfungia njia. Hao wanne ndio leo wanaomwita mbadhirifu.

Kosa lake ni lipi? Walipopokea kiinua mgongo, yeye na mumewe waliitengeneza motokaa yao kuukuu, wakashika njia. Walikwenda magharibi kwanza, wakapitia Kericho na Kisii, wakalala, wakaendelea hadi Mbita na kuingia Rusinga. Huko walisimama penye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, walipokuwa wao wenyewe wadogo. Ndiko pia alikopata Mary Leakey, mwaka 1948, fuvu la nyani wa kale sana ambalo mwalimu huyu alilitaja darasani mara nyingi. Walirudi Mbita, wakaipandisha motokaa katika feri, wakavuka maji mpaka Luanda K'Otieno, na kurejea nyumbani kwa njia ya Kisumu. Hawakuwa na haraka. Jua likitua walitafuta mahali pa kulala. Palipowapendeza walikaa siku mbili.

Safari ya pili ikawa ya pwani, nayo ndiyo iliyowasha moto. Waliporudi waliitwa katika kikao cha jamaa, nami nikaalikwa nikae kama shahidi. Kijana wao wa kwanza alisema, "Baba, mchumia juani hulia kivulini. Mmekwisha kuchuma, sasa tulieni kivulini. Fedha hii ingetosha kiwanja na vyumba vya kupangisha."

Methali ni nzuri, ila kijana aliisoma nusu. Haikusema kwamba kivuli kitachaguliwa na mwingine. Kivuli cha mwembe wa nyumbani ni kivuli, na kivuli cha tanga la mashua nacho ni kivuli. Na vyumba vile vya kupangisha vingekuwa vya nani? Mzee angekimbizana na wapangaji kila mwisho wa mwezi, azibe mabomba na kulipa mafundi, kisha afe. Hapo ndipo faida ingeanza kuliwa, tena na waliopendekeza. Huko si kumpumzisha mzazi, ni kumwajiri upya bila mshahara. Nami sikuweza kusahau kwamba kijana huyu alikuwa amerudi kutoka Dubai, alikokaa siku tano katika maduka, wala hakuna aliyemwitia kikao.

Binti yao alikuwa na hoja nzito zaidi. Alisema barabara zinaua na vyombo vya majini vinazama. Hili sitalidharau. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, Mombasa, wakafa watu zaidi ya 270. Lakini wengi wa marehemu wale walikuwa wakivuka kuiendea riziki yao. Maji hayamuulizi abiria kama anakwenda kazini au matembezini. Dawa ya hatari ni tahadhari, nayo wazee hawa wanayo kuliko sisi: hawaendeshi usiku, hawapandi chombo kilichojaa kupita kiasi, na mama haingii mashuani kabla ya kuvaa boya lake na kulifunga kamba zote. Nahodha mmoja alimcheka. Akamngoja acheke mpaka amalize, ndipo akaketi.

Mkwe mmoja akaongeza kwamba utalii ni mambo ya wageni wa ng'ambo. Haya ndiyo maneno yaliyonichukiza kuliko yote. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001; je, dunia ina haki ya kuuona, asiwe na haki hiyo mwalimu wa Nakuru aliyeufundisha? Motokaa waliiacha Mokowe, bara, wakavuka kwa mashua. Wakatembea katika vichochoro ambamo punda ndiye mwenye njia. Kisha wakataka kufika Siyu, katika kisiwa cha Pate, kuiona ngome yake, wakaambiwa wangoje, kwa kuwa mlango wa Mkanda haupitiki vyema mpaka maji yajae. Waliketi gatini saa nyingi. Mama aliniambia kwamba alikuwa amefundisha habari za kujaa na kupwa kwa maji maisha yake yote, na siku ile ndiyo aliyoelewa kwamba bahari ni saa ya watu, na kwamba ziko safari ambazo hazimtii mwenye haraka.

Alipoulizwa kikaoni ana jibu gani, hakutoa hotuba. Alisema, "Wanangu, deni langu kwenu lilikuwa karo. Yupo ambaye karo yake haikulipwa?" Wakanyamaza. Mzee akaagiza chai.

Sasa wanangoja upepo wa kusi upungue, wapate kwenda Shimoni na kuvuka kwa mashua hadi Wasini. Mama amekwisha kukitilia kisiwa hicho alama ya penseli katika ramani yake. Kiwanja nacho bado kinauzwa, na mwenye kukitaka akinunue kwa fedha yake.